Makaburi Mawili ya Mchapaji wa Karabai

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza kwa hasira, kama mwenye nyumba aliyecheleweshewa kodi. Shajara hii nilipewa na muuza karatasi kama zawadi ya mwaka mpya, nami nikaapa sitaandika neno ndani yake. Mtu anayechapa maneno ya wenzake kutwa nzima ana hamu gani ya kuandika ya kwake? Lakini leo baba ameniharibia Jumapili, na Jedidah mke wangu amekataa kunisikiliza kwa mara ya tatu. Basi karatasi itanisikiliza.

Mambo ni haya. Edinah, mke wa mwanangu Masese, atajifungua katikati ya Mei, na hospitalini wameshasema ni mvulana. Leo baada ya chai baba yangu, Mzee Okari, akagonga meza kwa kijiko.

"Huyu ataitwa Onsongo."

Onsongo ni baba yake, yaani babu yangu. Alitoka kwetu Kisii akaenda kuchimba dhahabu Got Rateng', huko Nyatike, na akiwa huko akaanzisha gazeti la wachimbaji lililoitwa *Karabai*. Mwaka wa hamsini na tatu akapotea. Bibi aliletewa habari kwamba mgodi umemmeza, akanyoa nywele, akaomboleza. Miaka ikapita, mtu mwingine akaleta habari kwamba amemwona Homa Bay, mzima, anakula samaki. Bibi akavunja chungu. Na kwetu jina la ukoo ni la marehemu, mtoto hapewi jina la mtu anayepumua. Kwa kuwa hakuna aliyejua kama Onsongo anapumua au la, jina lake limekaa nje miaka yote hii. Mimi mwenyewe nilipaswa kulichukua, nikapewa la Angwenyi.

"Tata," nikamwambia baba, "na kama alitutoroka?"

"Ndiyo utafute. Kama alikufa kazini, hilo ni jina. Kama alitutoroka, mtoto aitwe kitu kingine. Hata aitwe Mvua."

Kwa nini mimi? Eti kwa sababu nami ni mchapaji.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Dukani nimechapa programu tatu za matanga, vile vijitabu vya mazishi, moja na picha ya marehemu akiwa na kichupa mkononi. Familia imesema niikate hapo kwenye kiwiko.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamua kumtafuta babu kwa njia ninayoijua. Duka langu hapa Migori mjini linaishi kwa programu za matanga, kwa hiyo nimefungua ukurasa mpya kwenye kompyuta kana kwamba familia yake imekuja kuniagiza. Picha: hakuna. Kuzaliwa: mwaka wa nzige, lakini nzige gani? Kufa: nimeweka alama ya kuuliza. Kuzikwa: alama nyingine.

Jedidah akachungulia begani kwangu. "Baba Masese, hata walevi wanaokuja hapa wanajua aliyewafia ni nani."

Nimelipia tangazo katika redio ya Dholuo, lugha ya Wajaluo. Yeyote anayemjua Onsongo, Mkisii, aliyechapa *Karabai* huko Got Rateng', apige simu. Naona haya kidogo. Watu hutangaza ng'ombe hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefika Got Rateng'. Nilitarajia kuona mgodi, na nimekuta kilima kilichotobolewa kila mahali, kila shimo na mwenyewe, mashine za kusaga mawe zinanguruma, akina mama wameinama juu ya makarai wakiosha udongo. Majumba ya kampuni ya zamani hayana paa. Nikawauliza vijana kama wanajua gazeti la *Karabai*. Mmoja akaniuliza kama nataka kununua dhahabu au nataka kusumbua watu.

Mama mmoja akanionea huruma akanipeleka kwa Dani Priscah. Dani ni bibi kwa Dholuo, na kila mtu kilimani humwita hivyo. Ni mfupi, macho bado makali. Baba yake alichimba pamoja na babu.

"Onsongo Jakisii!" akasema, akashika kifua. "Yawa. Wewe ni nyakwara, mjukuu wake? Hii pua ni yake."

Nimeguswa pua na watu wengi leo. Dani akaniambia *Karabai* lilikuwa kurasa mbili tu, kwa Kiswahili, kwa sababu kambini kulikuwa na Wajaluo, Wakisii, Wakuria na watu wa Tanganyika. Babu alilichapa kwa fremu na wino, na Jumapili jioni baba yake Dani alipanda juu ya pipa la maji akawasomea wasiojua kusoma. Wakimaliza, wanalichoma. Hakuna nakala hata moja iliyobaki. Mimi mchapaji nimeumia kusikia hivyo, nilikuwa nimeshamwahidi Jedidah kwamba nitarudi na ukurasa mmoja angalau.

"Aliandika nini hasa?"

"Majina. Shimo likianguka, wazungu wanasema fulani ametoroka kazi. *Karabai* inasema hapana, fulani ako chini, jina lake ni hili, baba yake ni huyu. Koro, ndipo wazungu wakaanza kumtafuta Onsongo."

Kisha akanipeleka nyuma ya boma lao. Kaburi. Mawe yamepangwa vizuri, nyasi zimekatwa. Dani akalia kabisa, machozi ya kweli, na mimi nisiyelia kwenye matanga ya watu niliokula nao nikajikuta natafuta leso. Alisema babu alirudi shimoni kumtafuta mwenzake, shimo likaanguka, na kambi nzima ilimlilia.

Jumatano, 19 Machi

Baba ameimba wimbo wa kanisa tangu asubuhi. Amemwambia jirani, muuza maziwa na mchungaji. Anaongea na tumbo la Edinah kwa jina. "Onsongo, umeamka?" Edinah anacheka mpaka anashika kiuno. Nimebadilisha alama moja ya kuuliza kwenye kompyuta.

Alhamisi, 27 Machi

Simu kutoka Homa Bay. Mwanamume, sauti nzito. Anaitwa Zadock, anavua samaki.

"Wewe ndio ulitangaza mzee Onsongo? Nyathi owadwa, mtoto wa ndugu yetu, karibu. Yeye ndio alinilea. Kaburi lake liko hapa kwangu."

Nikamwambia amekosea, babu yangu alizikwa Got Rateng'. Akacheka kidogo.

"Hapana. Mimi mwenyewe nilishika jembe."

Nimekata simu nikakaa. Mteja alikuwa anasubiri programu ya shangazi yake, nikamchapia ya mtu mwingine.

Jumapili, 30 Machi

Baba hajui. Nilisema nakwenda kununua wino.

Nyumba ya Zadock iko karibu na maji, nyavu zimeanikwa ukutani, omena, yaani dagaa, zimetandazwa uani na mtoto wa jirani anawafukuza bata. Zadock amenizidi umri kidogo, mpole, mikono mikubwa. Akanishika kama ndugu aliyepotea, mimi nikasimama kama mti. Mama yake alikuwa mjane, akaniambia, na mzee Onsongo aliwakuta katika hali mbaya akakaa nao, akamfundisha Zadock kusoma. Mke wa Zadock alikuwa anachemsha chai.

"Nionyeshe," nikasema.

Saruji, msalaba, na maandishi yaliyochorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Onsongo. 1981.

Elfu moja mia tisa themanini na moja! Mimi nilikuwa nimeshazaliwa! Baba alikuwa ameshahama Kisii, ana nyumba yake hapa Suna, kando ya Migori mjini, ana mke, ana watoto, na kila siku ya Mungu babu alikuwa Homa Bay, mwendo wa asubuhi moja tu, anamfundisha mtoto wa mtu mwingine kusoma. Zadock alikuwa bado anaongea. Nilimwambia asante, nikaondoka bila chai. Kwa Mjaluo na kwa Mkisii hilo ni tusi, na nilijua ni tusi nilipokuwa nalifanya.

Na kule Got Rateng' Dani Priscah anamlilia nani? Nani yuko chini ya yale mawe? Kichwa kinaniuma. Mtu mmoja, makaburi mawili, na Dani na Zadock wote wamenitazama machoni. Simwamini yeyote, na wote wawili nimewapenda, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemwambia baba. Sikujua namna ya kulipamba, nikasema mwaka tu.

Alikuwa anamenya ndizi. Akaendelea kumenya mpaka zikaisha. "Nilioa baba akiwa hai," akasema. "Nikamzika mama, baba akiwa hai. Mama alikufa akiuliza."

Kisha akamwita Edinah. "Tafuta jina kwa watu wa kwenu."

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Baba haongei na tumbo tena.

Jumanne, 8 Aprili

Mto umepanda. Miguu ya Edinah imevimba. Jedidah anasema nyumba hii imekuwa na matanga na hakuna aliyekufa.

Jumatano, 16 Aprili

Nimerudi Got Rateng' na hasira yangu yote. Sikumsalimia Dani Priscah vizuri.

"Dani, ulinidanganya. Onsongo amezikwa Homa Bay."

Hakushtuka. Aliendelea kuchambua mboga. "Najua. Tulisikia alikufa huko."

"Basi hapa mmezika nini?"

"Yago."

Nimeishi na Wajaluo maisha yangu yote, nikaelewa mara moja, na bado nilitaka asirudie. Yago ni mti wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia. Mtu akipotea, akizama ziwani mwili usipatikane, Wajaluo huzika tunda la yago mahali pake. Wanalifunika, wanalilia, wanalitia kaburini kwa heshima zote. Likishazikwa, mtu huyo amekufa. Hakuna kuuliza tena.

Askari walikuwa wanakuja kumchukua babu kwa sababu ya majina, akaniambia Dani. Wachimbaji wakamficha, wakasema shimo limemmeza, lakini askari hawakuamini kwa kuwa hapakuwa na matanga. Ndipo wazee wa kambi wakasema, tumzikie yago. Wakalia siku zote zinazotakiwa. Askari wakaona hakuna Mjaluo anayeweza kuzika yago kwa mzaha, wakaenda zao. Usiku huohuo babu alipelekwa Homa Bay.

"Na mkamwacha bibi yangu huko Kisii anyoe nywele?"

"Mtu wa kupeleka habari Kisii alikuwa lazima alie kweli, kwa hivyo hata yeye hakuambiwa," akasema. "Wazee waliapa kutosema. Baba yangu alikufa na hicho kiapo."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Uliniuliza kaburi liko wapi. Hukuuliza ndani kuna nini. Na usidhani nilikuwa naigiza, nyakwara. Tulimzika. Mimi namlilia mpaka leo."

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemweleza baba yote. Nilidhani itamtuliza.

"Sawa," akasema. "Aliwadanganya askari, nimekubali. Alikuwa jasiri. Lakini wazungu waliondoka, Angwenyi. Uhuru ulikuja. Askari gani alimzuia baada ya Uhuru?"

Nimelala chali natazama mabati. Saa moja namwona babu ni shujaa aliyeandika majina ya watu waliotupwa, saa nyingine namwona ni mtu aliyepata njia nzuri ya kukimbia mke. Nikimpenda nahisi namsaliti baba, na nikimchukia namsikia Dani akilia. Edinah ameniuliza mtoto ataitwa nani, nikamwambia aniulize habari za kompyuta.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Karatasi zimeshika unyevu, printa inazitafuna.

Jumapili, 27 Aprili

Leo mchana tumesikia hodi. Nje kwenye geti, Zadock, kofia mkononi, ndoo ya omena mguuni na kitu kimefungwa kwa gunia. Hakuingia. Alikuwa anatazama nguzo za geti.

"Ni hapa," akasema. "Hii geti ilikuwa ya miti, lakini ni hapa."

Nikamuuliza anajuaje, hajawahi kufika kwetu.

"Nimefika. Wewe ulikimbia kabla sijaongea, hata chai ya mke wangu ukaacha. Nilikuwa kijana. Kila shule zikifungwa, mzee alikuwa anasema twende Migori tununue ndizi. Mama alikuwa anamuuliza, mbona uende mbali na ndizi ziko hapa Homa Bay? Yeye anatoka tu. Mimi nabeba omena. Tukifika, ananiacha kwa barabara, anasimama hapa. Anatoka jamaa mrefu, anampea mkungu wa ndizi, mzee anampea omena. Wanaongea kidogo. Basi, tunarudi."

Sikugeuka. Nilimsikia baba nyuma yangu, fimbo yake kwenye matope.

"Mzee wa omena," baba akasema.

Uso wake sitausahau. Akaketi palepale kwenye jiwe la geti, mvua inanyunyiza, tukamshika mikono akakataa kuinuka.

"Nilikuwa namwambia ingia unywe chai. Kila mara namwambia. Anasema, hapa panatosha. Nikadhani ana madharau. Alikuwa anachukua mkungu wowote, hata ule umeliwa na ndege, nikamwona mjinga." Akamtazama Zadock. "Mbona hakuingia? Ni hatua moja!"

Zadock akachuchumaa mbele yake ili asiongee akiwa juu ya mkubwa. "Alijaribu mara ya kwanza, owadwa. Mwaka uliofuata yago. Alitoka aende kwenu Kisii, akafika mtoni, akasikia nduru. Akauliza watu nani amekufa. Wakasema ni mtoto wa marehemu Onsongo, msichana mdogo."

"Nyamusi," baba akasema. "Dada yangu. Homa ilimchukua siku mbili."

"Akarudi. Wazee walikuwa wamemwambia mtu wa yago akiingia kwake, anaingia na kifo. Alikuwa anakataa. Alikuwa anatuambia, mimi ni Msabato, siamini hayo. Lakini nimebaki na mtoto mmoja. Siwezi kupima maneno ya wazee kwa mtoto mmoja."

Jedidah alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.

Baba alipoinuka hakuja nyumbani. Alikwenda shambani kwake, katikati ya migomba, akakaa huko na mvua yake. Tulimwacha. Zadock ameingia, amekunywa chai, na mimi nilimmiminia mwenyewe, vikombe viwili. Ndani ya gunia kulikuwa na fremu ya babu ya kuchapia, mbao nne na kitambaa chembamba. Nikamuuliza kama mzee alichapa tena huko ziwani. Hapana, akasema. Mzee alikuwa anasema maiti hachapi gazeti. Mama yake Zadock aliitumia fremu hiyo kuchekechea mchanga kwenye omena. Bado inanuka.

Ijumaa, 2 Mei

Baba hajasema lolote kuhusu jina. Hakuna anayethubutu kumuuliza.

Jumanne, 6 Mei

Nimefungua tena ule ukurasa wa babu. Kufa: hamsini na tatu, au themanini na moja? Nikiandika ya kwanza namdanganya Zadock. Nikiandika ya pili namdanganya Dani Priscah, na bibi aliyenyoa nywele, na lile tunda lililolala kilimani kwa niaba yake. Niliuchapa nikampelekea baba shambani nikamuuliza kama mteja. Akasoma polepole.

"Acha wazi," akasema.

Bado sijui nifikirie nini. Mtu asiyeamini kitu, halafu anakiheshimu maisha yake yote nje ya geti la mwanawe, utamwita mjinga? Mimi nina Masese mmoja. Nimejiuliza ningesimama wapi, na jibu silipendi.

Jumapili, 11 Mei

Mvua. Edinah amechoka na kila mtu.

Jumamosi, 17 Mei

Uchungu ulianza tukiwa kanisani kwa Sabato. Mvulana, mzima, sauti kubwa. Namshukuru Mungu. Hospitalini wakauliza jina, Masese akanitazama, nikatazama dari. Wameandika mtoto wa Edinah.

Jumatatu, 19 Mei

Wamerudi leo, mvua ikiwa inamwagika. Gari haliwezi kupanda hadi mlangoni kwa matope, likasimama barabarani. Edinah akashuka na mtoto ndani ya blanketi, Masese anamshikia mwavuli, wakafika getini wakasimama, maana dimbwi lilikuwa limekaa katikati ya njia.

Baba alikuwa ameshafika pale. Sikumwona akitoka nyumbani. Hakuwa na mwavuli wala kofia. Akafungua geti lote, pande zote mbili, kana kwamba lori linaingia, akalisukuma mpaka likagonga ukuta. Kisha akainama, akafunua blanketi kidogo.

"Onsongo," akasema, "mbona unasimama nje? Ingia."

Edinah akakanyaga dimbwi, akaingia naye.